Wapangaji Niliowageuza Wanangu

Jumatatu, 3 Juni
Fundi cherehani, huna haya! Miaka kumi na moja unakaa chumba changu cha uani, leo ndiyo unataka risiti za pango? Nimemuuliza za nini. Eti benki wanazitaka, anaomba mkopo wa cherehani ya umeme. Mwongo. Binti yangu naye akaja na lake: mwenye kipato cha vyumba anatakiwa kujaza fomu ya mapato kwa watu wa kodi kabla mwezi haujaisha, la sivyo faini. Benki wapi! Huyu katumwa. Vyumba vyenyewe viwili tu, na ndivyo vinavyonilisha. Risiti sitoi.

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata. Nimewaita wapangaji wangu, fundi na yule nesi wa zamu. Nimewaambia kuanzia leo ni wanangu. Akija mtu kuuliza, wanakaa kwa mama yao, pango hawalijui. Fundi ana miaka hamsini na nane, mimi sabini na moja. Basi nilianza mapema! Kakubali haraka mno, tena kwa kicheko. Simwamini.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya pango. Nimegonga kwa fundi. Eti mama, tangu lini mtoto akamlipa mama yake pango? Nikagonga kwa nesi. Shikamoo kanipa, nzuri kabisa, kisha akauliza jioni tunakula nini. Mijitu mizima! Nimerudi mikono mitupu. Nimewasikia wakicheka. Wamepanga hawa.

Ijumaa, 7 Juni
Binti kanikokota hadi ofisi ya kodi. Karani, msichana mwenye miwani, kauliza vyumba vingapi, pango kiasi gani. Nimesema ukweli, maana binti alinikazia macho. Kapiga hesabu, katabasamu. Eti bibi, kipato chako ni kidogo, hakifiki kiwango, hulazimiki kujaza chochote. Nenda kapumzike.

Ningeondoka. Lakini nyuma yangu kwenye foleni alisimama jirani yangu Mama Mayai, fomu kaishika kama kadi ya mwaliko. Akanipa pole, tena kwa sauti. Eti fomu hizi ni za sisi wenye mapato.

Kidogo? Mimi? Nikamwambia karani aandike nyumba tano. Na duka. Binti akanikanyaga mguu, nikaongeza lori. Nikatia saini kwa madaha, herufi kubwa. Mama Mayai fomu yake akaificha mgongoni!

Jumatano, 12 Juni
Barua imefika. Kodi wanayodai, hata nikiuza vyumba vyote viwili siimalizi. Binti kajishika kichwa. Anataka twende tukaseme ukweli, fomu irekebishwe, eti karani ni mwelewa. Niseme ukweli, Mama Mayai asikie? Sasa naelewa kwa nini yule msichana alitabasamu. Walikula njama, yeye, fundi na Mama Mayai. Wote wanavimezea mate vyumba vyangu.

Nimekwisha kumwambia binti la kufanya, na naliandika hapa asije akajifanya kasahau. Kesho asubuhi vaa nguo nyeusi, nenda ofisini, waambie nimekufa. Na ulie kwa sauti, si vile vikwifukwifu ulivyomlilia shangazi yako. Nitakuwa nje dirishani, nakusikiliza.