Nimewekwa Jaji wa Vitabu vya Dadu

Jumamosi, 4 Agosti 2007

Vijana wamekuja tena kucheza kwenye meza yangu. Watu wazima wenye kazi! Linet, mjukuu wangu, yuko kiwandani Athi River. Wesley, mjukuu wa jirani yangu Ndila, anauza misumari na rangi mjini Machakos. Onesmus, mkubwa wao, ni karani. Na bado wanakaa chini kujifanya mashujaa na waganga. Onesmus anasimulia, wengine wanasema watafanya nini, halafu wanarusha dadu ya nyuso ishirini kuona kama wamefaulu. Hakuna ubao. Hakuna mpira. Maneno tu!

Mimi kazi yangu ni mlango. Kila anayeingia namwuliza ni wa nani na anasali wapi, hata kama namjua. Wesley nimemrudisha nje apanguse viatu. Hapa si zizi.

Leo kuna habari. Hadithi zao hutoka kwenye vitabu vya nyongeza, vile vya ndani ya kompyuta. Mtu anaandika nchi mpya, wanyama wapya, vita vipya, wenzake wanacheza humo. Linet ameandika kimoja. Wesley pia. Onesmus akatangaza kwamba Jumamosi ijayo vitapimwa, na atakayeshinda, mchezo utakuwa kwao mpaka Krismasi.

Nikaacha kumimina chai. Kwao Wesley ni kwa Ndila! Linet analala Athi River wiki nzima. Anakuja hapa kwa sababu mchezo uko hapa. Ukienda kwa Ndila, atapita hapo nje akinipungia mkono kama anavyompungia muuza maziwa.

Nikasema mimi ndiye nitapima. Wakacheka. Nikawaambia nimepima vyondo kwenye maonyesho ya kina mama miaka kumi na tisa na hakuna kiondo kibovu kilichonipita. Shule niliachia darasa la tatu, lakini macho sikuyaacha huko. Onesmus, kijana mwenye adabu, akasema sawa, Susu, kama wajukuu wote wanavyomwita bibi yao, wewe ni jaji. Nikajinyoosha. Hapo Wesley akaropoka kwamba basi na susu yake awe jaji. Asi! Ndila! Mwanamke ambaye kiondo chake humwaga mtama njia nzima!

Jaji wa tatu ni Onesmus mwenyewe. Kila mmoja atatoa alama, kutoka sufuri mpaka kumi. Majina ya waandishi yatafutwa ili haki itendeke. Nikasema haki ni kitu kizuri sana. Ndani nikacheka.

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Nilichekea nini? Kwenye vyondo pia tunaondoa majina. Tunafunga kijikaratasi cha namba. Lakini kila msusi ana mkono wake. Geuza kiondo, tazama kitako, pale alipoanzia. Utajua ni Mukai, utajua ni Wanza, utajua ni mvivu fulani. Miaka kumi na tisa nimejua kila kiondo ni cha nani, na nikakaa kimya kama sijui. Ndio kazi ya jaji.

Onesmus alikuja jioni. Alitaka kunipa flashi, kidude kama kidole cha mtoto. Nikakipima mkononi. Nikamwambia ni chepesi, hakuna kitabu humu. Akasema vimo viwili. Nikasema basi vyote ni vibovu. Akapumua, akanitolea vilivyochapwa kwenye karatasi.

Akaanza kunifundisha namna ya kupima. Eti nitazame kama ramani inakubaliana na maneno. Eti kikisema fungua ukurasa wa thelathini, huo ukurasa uwepo. Eti msimulizi aweze kukifungua na kuanza mchezo bila kutoka jasho. Eti picha zisiwe za kuiba. Nikamwambia mwanangu, nilikuwa napima kabla wewe hujajua kusoma. Akaenda.

Nimepima. Nimevuta pembe. Nimeinua kila karatasi kwenye jua. Cha Kwanza kina kurasa arobaini. Cha Pili kina ishirini na mbili. Bado sijajua mkono wa nani.

Jumatano, 8 Agosti 2007

Nimejua! Haikuchukua hata kikombe kizima cha chai.

Cha Kwanza kina malkia mzee. Mrembo, mpole, mwenye hekima, watu wote wanamwendea kwa shida zao. Anaketi juu ya kilima kinachofanana kabisa na hapa Kalama. Ni nani huyo kama si mimi? Linet, mtoto mwenye shukrani! Nilifuta jicho.

Cha Pili kina kibibi kichawi. Kinakaa kwenye kigoda mbele ya daraja na kikombe cha bati kilichobanduka mdomo. Msafiri hapiti mpaka aulizwe ni wa nani, anasali kwa nani, na kwa nini viatu vyake ni vichafu. Akijibu vibaya anarudishwa alikotoka. Hata mashujaa wenye panga wanakiogopa. Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Ndila mtupu! Ndila kuanzia kichwani mpaka kwenye kisigino! Hicho cha Wesley, na huyo mtoto hana adabu, kumchora susu yake namna hiyo.

Hapa naandika kwa siri, hakuna atakayesoma. Cha Pili kimesukwa vizuri. Kimekaza. Ramani na maneno vinashikana mikono. Kila ukurasa unaotajwa uko mahali pake. Ningeweza hata mimi kusimulia. Cha Kwanza, loo! Mto unapanda mlima. Mlango wa chumba cha saba unaingia chumba cha kumi na mbili, na vyumba ni tisa. Kuna joka linakufa ukurasa wa kumi na linakula watu ukurasa wa kumi na nne. Lakini malkia mzuri hivyo, mto umfanye nini?

Alama zangu: Cha Kwanza, kumi. Cha Pili, sufuri. Sikukimaliza. Sufuri haihitaji mtu amalize.

Alhamisi, 9 Agosti 2007

Nimemwita Ndila kwa chai. Nikamwekea sukari bila kutazama kijiko. Nikamwambia kwa upole kwamba Onesmus amenieleza siri: kitabu bora ni kile kirefu. Kurasa arobaini ndio ubora, ishirini na mbili ni dharau. Ndila akanywa. Akaongeza. Akanywa. Akaniambia, Mama Musau, tangu tuolewe hapa sijawahi kukuona ukitoa siri bure. Akasema yeye atapima kwa njia yake. Akabeba na mandazi mawili ya njiani.

Njia yake nikaiona kupitia ua wa miti. Amekusanya wanawake watatu wa jumuiya, amewakalisha chini, anawasimulia kutoka kitabuni na wao wanarusha dadu! Wamecheza Cha Kwanza, wakaanza kupiga miayo. Mmoja akauliza huu mto unaenda wapi jamani. Wakacheza Cha Pili, kelele! Mueni, mama mzima anayeongoza sala, alikuwa amesimama anatetemesha dadu mkononi, anamwomba Mungu ampe ishirini ili avuke daraja. Aibu! Kitabu kinapimwa kwa macho. Nani alisema kinachezwa?

Na Ndila hajitambui hata anaposoma habari zake mwenyewe. Alikuwa anacheka machozi. Maskini.

Jumamosi, 11 Agosti 2007

Sijui nianzie wapi. Nimeandika tarehe mara mbili. Ni hasira, si uzee.

Wamekaa wote mezani. Onesmus akasoma alama. Cha Kwanza: yeye sita, Ndila sita, mimi kumi. Ishirini na mbili. Cha Pili: yeye tisa, Ndila tisa, mimi sufuri. Kumi na nane. Nikapiga makofi. Peke yangu. Nikamkumbatia Linet. Alikuwa kama mti.

Wesley alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe hajui kimeshindaje, maana mto alichora vibaya.

Mto! Wesley! Mto!

Nikakaa. Ndila akauliza kwa hiyo yule malkia ni nani. Wesley akasema ni wewe, Susu. Aiya! Mwanamke akajishika mashavu kama bibi harusi. Halafu akanigeukia, akanishukuru mbele ya watu kwa alama kumi, akasema hakujua kwamba namheshimu hivyo.

Linet hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniambia, Susu, ungenipa hata tano. Tano tu, ningeshinda. Onesmus akataka kujua kwa nini sufuri. Nikasema karatasi ilikuwa nyepesi.

Meza yangu sasa ina vikombe tu.

Jumapili, 12 Agosti 2007

Baada ya kanisa Linet alikuja kuchukua sweta. Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu uongo wote ulikuwa umeisha. Kwamba nilidhani malkia ni mimi. Kwamba nilidhani yule wa darajani ni Ndila. Kwamba kitabu chake kilikuwa kizuri, nilikijua kizuri, na nikakipa sufuri hivyo hivyo.

Akakaa kwenye kiti. Akafungua ukurasa wa mwisho, ule ambao sikuufikia, akanisomea. Mto unafurika. Daraja linabomoka. Kibibi kinaacha kigoda, kinawabeba mashujaa mgongoni mmoja mmoja mpaka ng'ambo, na njia nzima kinawagombeza. Akasema huyo ni wewe, Susu. Bila wewe hakuna anayevuka.

Nikamwuliza kwa nini basi nimekuwa mbaya wa sura. Akacheka. Kwa nguvu! Nikashukuru Mungu, nikamkaripia kwa kucheka siku ya Bwana.

Tumepatana. Mchezo utakuwa kwa Ndila, hakuna njia. Lakini Linet atakuja kulala hapa kila Ijumaa, twende sokoni Jumamosi asubuhi, halafu ndio aende huko. Sharti lake ni moja: nisihukumu tena kitu chochote cha mchezo wao. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo mweupe. Nimejifunza. Mtu apimwe kwa kazi yake, si kwa ukoo wake.

Jumanne, 14 Agosti 2007

Nimeenda mjini kununua chumvi. Nimepita saiba, pale pa kompyuta za kukodi. Nimepita tu.

Linet alikuwa ameniambia kwamba vitabu vyote viwili wameviweka kwenye mtandao, mahali watu wa dunia nzima wanavisoma bure na kutoa nyota, mpaka tano. Nikamwomba msichana wa saiba anionyeshe. Cha Linet: nyota nne. Cha Wesley: nyota nne! Na mto ule!

Sikutaka kuingilia. Nikauliza swali tu, kila mtu anaruhusiwa kutoa nyota mara ngapi. Msichana akasema mara moja kwa kila jina. Majina? Mimi niko na kikundi kizima cha kina mama kichwani! Msichana akachapa, mimi nikasema. Mukai, tano kwa Linet. Wanza, tano. Mueni, tano, na maneno kwamba kitabu kimemjenga kiroho. Nane kwa jumla. Vidole vya msichana vimechoka, si ulimi wangu.

Cha Wesley sikukigusa. Niliapa. Nikamwambia msichana aandike jina la Ndila. Nyota moja. Na maneno haya: kama susu wa mwandishi nimesikitika sana, mto unapanda mlima, vyumba vinapotea, joka limekufa na bado linakula, na yule malkia ni uongo mtupu, mimi namjua vizuri.

Msichana akauliza kama huyo mama anajua. Nikamwambia atajua akisoma.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kiapo changu kiko salama. Mimi sijahukumu mtu. Aliyehukumu ni Ndila.