Naomba Niandikishwe Kuwa Mtambo wa Chama

Mwanaima Shaban,
Chumba cha Nyuma, Ofisi ya Ushirika,
Mandawa, Ruangwa.
Ijumaa, baada ya kufua.

Mzee Hemedy Rashidy,
Mwenyekiti, Chama cha Ushirika cha Ufuta Wetu,
Mandawa.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mkubwa,

YAH: OMBI LA KUANDIKISHWA KUWA MTAMBO MUHIMU WA CHAMA

Assalamu alaykum. Natumaini u mzima na goti halikusumbui. Sisi huku nyuma ya ofisi tu wazima, ila mimi ni mzima nusu, na ile nusu iliyolala ndiyo iliyonifanya niandike.

Nimetanguliza cheo chako kwa sababu jambo hili ni la kikao, siyo la ukoo. Ningekuja nyumbani ungeniambia, "Mwanangu, kaa kwanza unywe chai," na mimi siku hizi nikikaa nalala.

Kwa kumbukumbu: msimu uliopita umeme ulikatika watu wakiwa kwenye mizani, seva, ile kompyuta inayotunza vipimo, ikazimika ghafla, na vipimo vya siku nzima vikapotea. Unakumbuka yaliyotokea hapo uani. Mtu na shemeji yake waliapiana kuhusu nani alikuwa na mzigo mkubwa, na mpaka leo wakikutana njiani kila mmoja anaangalia mikorosho ya upande wake. Ndipo kikao kikaamua inunuliwe UPS, lile sanduku jeusi lenye betri, ambalo umeme ukikatika linaishikilia seva mpaka mtu aizime kwa utaratibu au awashe jenereta. Uamuzi mzuri. Nilipiga makofi mimi mwenyewe, na mimba ya Samia ikiwa mbele yangu.

Akaja fundi kutoka Dar, akamfundisha mume wangu Faridi, ambaye umemkabidhi mitambo yote. Fundi akaandika masharti ya kuitunza seva, akayabandika mlangoni pake. Mlango huo unatazamana na jiko langu. Kwa hiyo nayasoma masharti yale kila ninaponyonyesha, na Samia ananyonya kama analipwa. Kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyoona kuwa yule fundi hakuwa anaandika habari za seva. Alikuwa anaandika habari zangu, ila alikosea mlango.

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili yasikimbie.

1. Kuzimika ghafla. Masharti yanasema seva isizimwe ghafla hata siku moja, maana itaharibika. Ipewe nafasi imalize inachofanya, ifunge vitu vyake kimoja kimoja, ndipo ilale. Baba Mkubwa, mimi nazimika ghafla kila siku. Nimezimika nikiwa natia chumvi kwenye mchicha. Nilipowaka nikatia tena, na Faridi akala akanyamaza, jambo ambalo namshukuru. Nimezimika bombani nimesimama, ndoo ikajaa, ikamwagika, wenzangu wakadhani nafanya dua. Kubwa kuliko yote, nilizimika kwenye ule msiba wa Narung'ombe. Kichwa changu kilimwangukia mfiwa begani. Mama wa watu akanikumbatia, akalia upya, na wakwe zangu wote wakanisifu kuwa nina uchungu wa kweli. Nilipoamka nilikuta nimepewa khanga na nimeandaliwa mahali pa mbele. Nikalia kidogo, kwa adabu.

2. Kengele. Umeme ukikatika, UPS hulia pii, pii, pii. Faridi akiisikia hunyanyuka kama aliyekalia siafu. Sina ugomvi na hilo, ndiyo kazi yake. Ugomvi wangu ni huu: Jumapili iliyopita mchana tulikuwa tumejilaza. Samia akalia. Faridi kimya. Samia akalia kwa sauti ile ya kuita majirani. Faridi akageukia ukutani. Mbuzi akaingia, akaangusha sufuria, akatoka na bamia zangu. Faridi akakoroma. Kisha, kwa mbali, nyuma ya ukuta, ikasikika pii moja. Moja tu, Baba Mkubwa. Mume wangu akawa ameshavuka kizingiti, kiunoni amefunga khanga yangu ya maua mekundu, na uani kulikuwa na wakulima wamekuja na magunia. Na wewe ulikuwepo, maana nilikusikia ukisema, "Faridi, leo ndiyo sare mpya?" Watu wamecheka mpaka Kiegei. Khanga hiyo sasa siwezi kuivaa, wananiuliza kama nimeazima kwa mume wangu.

Swali langu kwa kikao: huyu mtoto hakuzaliwa na kengele? Au kengele yake haikuandikwa mlangoni?

3. Mzigo. Masharti yanasema UPS ibebe seva na kile kidude cha mtandao basi. Kisichomekwe kingine chochote. Zaitun, karani wa mizani, alipochomeka birika la umeme pale siku moja tu, tena la chai ya tangawizi ya kikohozi, mlimwitia kikao akapewa onyo. Sawa kabisa. Sasa tuje kwangu. Mimi nimechomekwa Samia mbele, ndoo kichwani, kuni mkononi, ufuta wetu wa kupeta, wageni wa shangazi wa Faridi, simu za wakulima wanaoomba niwachajie, na chai ya kikao chenu, ambayo sijui lini ilipitishwa kuwa ni yangu kwa kuwa nipo karibu. Hata seva ipo karibu, mbona haiambiwi ikaange maandazi? Mimi ni ekstensheni ya matundu manne iliyochomekwa kijiji. Natoa harufu ya kuungua na hakuna aliyeitwa kwenye kikao.

4. Ubaridi. Seva imefungiwa AC. Ukifungua mlango wake unatoka ubaridi mtamu kama wa alfajiri baada ya mvua. Hili silionei wivu, au nalionea kidogo. Ila naomba uzunguke nyuma uone lile sanduku la AC linalotupa joto nje. Limeelekezwa wapi? Dirishani kwangu. Yaani joto linalotolewa kwa seva naletewa mimi nyumbani, bila kuomba. Nguo za mtoto zinakauka zikiwa ndani ya beseni. Faridi anasema fundi alipima akaona ndiyo sehemu pekee isiyo na kitu muhimu. Nilimwomba arudie hiyo sentensi. Alikataa.

5. Vumbi. Kwenye chumba cha seva watu wanavua viatu. Kwangu wanapita na matope, wananiuliza kama kuna maji ya kunywa, wanaacha matope.

6. Usafiri. Betri za UPS zilipotoka Nachingwea zilikuja na gari ya kukodi, zimefungwa mkanda, na wewe mwenyewe umeshikilia moja mapajani ili isitikisike. Wiki ile ile mimi nilitoka Nachingwea kupima mimba, kwa bodaboda, na kwenye makorongo yale nilitikisika mpaka Samia akageuka. Mkunga alisema amegeuka vizuri, alhamdulillah, lakini haikuwa shukrani kwa chama.

7. Akiba. Hili ndilo linaloniuma, Baba Mkubwa, naomba hapa usicheke. Nilipojifungua, mama yangu, Bi Sikudhani, alikuja kutoka Narung'ombe kunilea arobaini, kama ilivyo kawaida yetu. Aliniogesha maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, Samia akilia alimchukua yeye, akiniambia, "Lala, mwanangu, dunia ipo, utaikuta." Nikalala. Nilikuwa nalala kama tajiri. Ilipofika arobaini mama akafunga khanga yake, akarudi, maana ufuta wake nao ulikuwa unapasuka shambani. Simlaumu. Ila toka siku hiyo nikajua mama ndiye alikuwa UPS yangu, na betri imeshatolewa, na hakuna aliyeuliza kama mtambo bado unawaka. Seva ina UPS, na stoo kuna UPS nyingine kwenye boksi ya kuisaidia hiyo ya kwanza ikichoka. Yaani UPS inaruhusiwa kuchoka. Ndugu Mwenyekiti, na mimi je?

Basi ombi langu si kubwa. Naomba chama kiniandikishe kuwa mtambo muhimu, nipewe namba, na ile karatasi ya masharti ipigwe kopi ibandikwe mlangoni kwangu bila kubadilisha hata neno. Kila kilichokatazwa kwa seva kikatazwe kwangu. Atakayenichomekea birika aitiwe kikao. Faridi ateuliwe rasmi kuwa betri yangu, kwa barua yenye mhuri, maana maneno yangu matupu anayasikia kama kilio cha mtoto. Na ikishindikana yote hayo, basi nihamishiwe chumba cha seva, na seva ihamie kwangu, inyonyeshe.

Bado kuna sharti moja la mwisho mlangoni, ambalo naona mnalisahau: kila mwezi UPS ijaribiwe kwa kuuchomoa umeme makusudi, ili ijulikane kama inabeba. Kwa hiyo, kwa heshima zote, natoa taarifa kwamba kesho Jumamosi baada ya adhuhuri ninajichomoa. Samia anakula uji sasa, uji upo kwenye chupa, nepi zipo kwenye kamba. Nakwenda kulala kwa Mwantumu, jirani yangu, mpaka alasiri. Nikirudi nitaona kama nyumba imesimama. Faridi nimemweleza, akasema, "Kulea kitu gani, mke wangu? Mimi nalea seva." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, yatakuja kutumika.

Mimi siyo mkorofi, unanijua toka nilipoolewa. Nampenda mume wangu, naipenda kazi yake, na mwanangu nikimwangalia akicheka nasahau kilichoniliza. Lakini nimechoka, Baba Mkubwa. Sitaki pole. Nataka kulala mara moja, usingizi wa kujaa, usio na sikio moja nje.

Nisalimie Mama Mkubwa Zuhra, mwambie ile dawa ya chango imesaidia. Wasalimie wajumbe wote wa kikao, hasa wanaorudisha vikombe. Msalimie Zaitun na kikohozi chake. Seva nitaisalimia mwenyewe, tunapakana.

Ni mimi mkwe wako, ninayewaka kwa shida,

Mwanaima Shaban
(Mtambo usio na namba)

Nakala: Bi Sikudhani, Narung'ombe, asomewe na mtu asiyecheka.

Nyongeza ya Jumapili.

Baba Mkubwa, barua hii ilikuwa ikufikie jana kwa mkono wa Faridi. Imechelewa kwa sababu ambazo naona bora uzisikie kwangu kabla hujazisikia kwenye mizani.

Jana nilijichomoa kama nilivyotoa taarifa. Mwantumu alinitandikia vizuri, akafukuza kuku. Nikafumba macho. Usingizi haukuja. Kila mlango ukilia nasema Samia, kila mbuzi akilia nasema Samia. Mwisho nikarudi kimya kimya, nichungulie tu.

Nyumba ilikuwa tupu. Kisha nikaona ndara za Faridi mlangoni kwa seva, na pembeni yake soksi za Samia, zimepangwa. Nikasukuma mlango. Kumbe mtoto alilia kwa lile joto la dirishani kwetu, baba yake akaona ampeleke kwenye ubaridi. Faridi alikuwa amelala chali juu ya mkeka, Samia kifuani kwake, mdomo wazi, na seva inavuma mmmm kama mtu anayembembeleza mjukuu. Nikavua viatu. Naomba kikao kizingatie kwamba viatu tulivua sote. Nikafunga mlango kwa komeo ubaridi usitoke, nikajilaza pembeni kidogo, dakika moja tu, nimtazame mwanangu.

Umeme ulikatika. UPS ililia, kwa mujibu wa Zaitun, aliyeisikia toka kwenye mizani. Anasema ililia mpaka akaionea huruma. Akagonga mlango, akaita, akadhani tumekwenda kuwasha jenereta, akarudi kusubiri. Ililia mpaka betri ikaisha. Ndani pale tulikuwa watu watatu, na mmoja wetu ameajiriwa kuisikia. Hakuna aliyeisikia.

Kwa hiyo hoja ya pili naifuta. Ya kwanza pia, maana seva imezimika ghafla, na safari hii aliyeizimisha ni mimi. Ombi la kuandikishwa nalo nalifuta, kwa sababu imeonekana mitambo miwili muhimu haiwezi kulala chumba kimoja. Hoja ya nne ibaki kama ilivyo. Ubaridi ule ni mzuri sana, kuliko nilivyoandika.

Seva imewaka leo asubuhi. Vipimo vya Ijumaa vipo. Vya Jumamosi havijaonekana. Waliopima jana wote itabidi warudi na magunia yao, na najua wewe uliondoka mapema kwenda harusini Kiegei mara tu baada ya kupima ufuta wako, kwa hiyo kwenye orodha jina lako ndilo la kwanza. Faridi anaogopa kukuambia. Chai nitapika mimi, bila kununa, na maandazi.

Ila tulilala, Baba Mkubwa. Wallahi, tulilala.