Hotuba ya Mwenyekiti Lyamba Siku ya Kufungua Ghala la Mpunga

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hakufika lakini amemtuma mwakilishi, ambaye naye amebanwa na majukumu akamtuma dereva. Waheshimiwa madiwani mliopo, mliostaafu na mnaojiandaa kugombea. Baba paroko, shehe wetu, wachungaji wote kwa ukubwa wa makanisa yenu. Viongozi wa bodaboda na bajaji. Wakulima wetu kutoka Mamba mliolala njiani. Mabibi na mabwana. Itifaki naona imezingatiwa, na pale isipozingatiwa tutaizingatia wakati wa chakula. Chemba hoyee!

(Hoyee ya watu wa mbele. Nyuma wanatazama juu, wingu limefunga upande wa Shanwe.)

Mimi, Zefania Lyamba, mwenyekiti wa Chemba ya Biashara ya mji huu kwa awamu ambayo wenyewe mmekataa iishe, nasimama hapa nikiwa na furaha isiyo kifani. Leo tunafungua ghala la kisasa la mpunga. Kwa miaka mingi mkulima wa Mpimbwe, kama hawa wa Mamba, amevuna, akakosa pa kuweka, akamuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Chemba ikaumia. Ikakaa kikao. Ikafanya fizibiliti stadi, ikashirikisha mastekiholda, ikaandaa rodimapu, na mwisho ikaonekana ni busara tuanze kwa kapasiti bilding ya kamati yenyewe, kwa maana huwezi kujenga ghala kama wewe mwenyewe hujajengwa. (Makofi ya kamati.) Ndipo tukaenda Arusha kuona maghala ya wenzetu. Tuliyaona, ndugu zangu! Tuliyagusa kwa mikono hii! Katibu wetu Getrude alipigwa picha na moja.

(Sauti ya mama: “Mwenyekiti, mvua hiyo! Tuonyesheni mlango tuingize mzigo!”)

Huyo ni mama yetu Pelagia wa Mamba, mkulima hodari. Mama, nakusikia, vuta subira, subira yavuta heri. Kwa wasiojua, mama huyu na wenzake tuliwatangazia redioni waje na mpunga wao leo ili ghala letu lisifunguliwe tupu, maana ghala tupu ni aibu kwa mkoa. Wakaitikia. Wamekodi fuso, wameshusha magunia pale chini, na fuso imeshaondoka kufuata mahindi. Huo ndio uzalendo! Wapigieni makofi.

(Makofi machache. Pelagia: “Baba, mpunga ukilowa huu watoto wangu hawarudi shule! Ndiyo ada yao hiyo!”)

Na elimu ni kipaumbele chetu, asante kwa kunikumbusha. Sasa nije kwenye takwimu, maana mimi si mtu wa maneno. Tulipoingia madarakani, upatikanaji wa nafasi ya ghala kwa mkulima ulikuwa sifuri. Leo umepanda hadi sifuri nukta nane, na wataalamu wananiambia kwamba ukiikadiria kwa moyo mweupe hiyo ni moja. Jiwe la msingi limewekwa mara nne, tena kila mara kata tofauti, ili kata nyingine isije ikanuna. Jiwe ni lile lile. Tunalipandisha kwenye bajaji, tunalishusha, linawekwa, watu wanakula, tunaondoka nalo. Nitajieni mkoa mwingine wenye jiwe linalofanya kazi kiasi hicho! (Vicheko. Dereva wa mgeni rasmi anaandika.)

Wapo wanaobeza. Wanakaa kijiweni wanasema eti Lyamba hana alichofanya. Hao ni wivu tu unawasumbua, na mwenye wivu ajinyonge. Mimi nimekonda kwa ajili yenu! (Sauti: “Umekonda wapi?”) Nimekonda moyoni, ndugu. Huko hamuoni.

(Ngurumo. Wakulima wanasimama, wanasogelea magunia yao.)

Kaeni, kaeni, nyie nanyi! Hiyo ni ngurumo ya baraka. Nimalizie kwa kaulimbiu. Nikisema “Mpunga ghalani,” mnajibu “Maendeleo mezani.” Mpunga ghalani! (Kamati peke yake: “Maendeleo mezani!”) Chemba imara! (Kamati: “Mwenyekiti imara!”) Mmeona, wameitunga wenyewe.

Sasa shukrani, nami nikae. Namshukuru mzee Apolinari aliyetuazima uwanja huu wake mpaka ng’ombe watakaporudi malishoni. Namshukuru Method aliyetufungia turubai zuri la meza kuu. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru yule kijana fundi wa rangi aliyechora ghala kwenye bango lile mnaloliona nyuma ya utepe, milango yake, madirisha yake, hadi bati linang’aa. Tuwe wakweli, ndugu zangu: bila kijana yule, leo tusingekuwa na ghala kabisa.

(Tone la kwanza, la pili, kisha mvua yenyewe. Pelagia anashika ncha ya gunia, mwenzake anashika ya pili. Hawaendi kwenye bango. Wanaelekea chini ya turubai la meza kuu, na Mamba yote nyuma yao.)

Mama Pelagia, hapo ni sehemu ya waheshimiwa! Kamati, wazuieni! Getrude, mbona unawapokea? Jamani, hicho ni kiti changu… Baba paroko, na wewe unabeba?

(“Wewe endelea kuhutubia tu, mwenyekiti,” anaitikia Pelagia, “sisi tunapanga.” Magunia yanapanda juu ya meza, juu ya viti, hadi karibu na turubai. Waheshimiwa wametoka nje mmoja mmoja.)

Basi, ndugu wananchi… kwa mamlaka niliyopewa na Chemba… natamka kwamba ghala limefunguliwa rasmi. Makofi, tafadhali. Na sasa, mama yangu, suti hii ni ya kuazima. Nipishe kidogo na mimi niingie.

(“Limejaa, baba.”)