Mawe ya Kukandamizia Shuka

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kapiga simu. Anakuja Jumapili. Akikuta nyasi za uani bado zinafika magotini, ananihamishia kwake, mjadala umefungwa. Kwake ni ghorofa ya nne. Hata pa kutemea mbegu za chungwa hapana.

Nimeazima mashine ya jirani ya kukatia nyasi. Kasema nitoe mawe kwanza, mzee mwenzangu. Nimemjibu uwanja wangu naujua nje ndani.

Jumanne, 4 Machi
Hatua chache tu, kwaa! Kisu cha mashine kimepinda. Nimekipeleka kwa fundi kwa kupitia nyuma, kimefungwa kwenye taulo. Kurudi, jirani yuko dirishani. Akauliza kama nilikuwa nakata nyasi au nasaga kokoto.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya: kutembea peku, mawe yajitaje yenyewe. La kwanza limejitaja. Kidole gumba kimevimba kama kiazi.

Nikaleta reki. Mpini umevunjika. Jirani kanitakia kazi njema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepiga magoti na kupapasa kwa mikono. Ndoo imejaa. Niliazimia giza likiingia niyamwage upande wa pili wa ukuta, jirani naye ayafurahie.

Kisha nikayatazama. Yote bapa, yote laini. Marehemu mama yake binti yangu alikuwa akianika shuka juu ya nyasi, jiwe kila pembe, upepo usizichukue. Kila siku nilimwambia ayaokote. Kila siku alinijibu niyaache, kesho atayataka tena.

Sikuyamwaga. Nimeyaosha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekata nyasi. Uwanja kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Jirani kapitisha kidole kwenye kisu, akaguna, akasema fundi wangu ni hodari. Kumbe alijua.

Jumapili, 9 Machi
Binti kafika, kazunguka uani mara mbili akitafuta kasoro. Basi nibaki, kasema, ila siku akisikia Baba amejikwaa humu, anakuja na begi tupu kubeba nguo zangu. Akataka kuitupa ile ndoo ya mawe. Nikamwambia ni vifaa vya kazi.

Alipoondoka nikafua shuka la kitanda chetu. Kamba ipo, lakini nikalitandaza juu ya nyasi, jiwe kila pembe. Limekauka vizuri, lina harufu ileile.

Shuka nimelianua. Mawe nimeyaacha, kesho nitayataka tena. Hayawezi kupotea. Uwanja wangu naujua nje ndani.