Maili Ishirini kwa Galoni

Jumapili, 9 Novemba

Mambo yameharibika. Baada ya misa, Lumir, kaka wa mke wangu, aliniuliza mbele ya watu wote pikapu yangu mpya inakunywaje mafuta. Alikuwa anatafuna kolache yake ya tatu, yale maandazi yenye jemu, jemu kidevuni. Nikajibu kwa kujiamini: maili ishirini na tatu kwa galoni. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani mwake siku nilipoinunua.

Lumir akacheka mpaka makombo yakamruka. "Shemeji, hao waliipima ikishuka mlima." Huku kwetu Nebraska hakuna mlima. Ndiyo maana watu walicheka zaidi.

Marvella hakucheka. Kimya cha mke wangu nakijua, tumeoana miaka thelathini na minne. Njiani akaniuliza kwa upole mbona tunajaza tangi kila mara, na mimi ni mstaafu nisiyekwenda popote. Akanikumbusha kwamba aliuza kigari chake cha bluu ili mimi nipate hili dude, kwa sababu nilimwapia kuwa si lafi. Aliyekinunua ni mwalimu wa hesabu wa shule ya hapa mjini. Marvella anapika katika shule hiyohiyo, na kila siku anakiona kimeegeshwa nje ya dirisha la jikoni. Hilo nalo likasemwa.

Kisha akatoa hukumu. Wiki moja, kuanzia kesho hadi Jumapili. Kuendesha kama kawaida yetu. Tangi lijazwe pomoni mwanzo na mwisho, Lumir akiwa shahidi. Ikishuka chini ya ishirini, pikapu inarudi kwa muuzaji. Ishirini tu, amenipunguzia tatu!

Ninaloliandika hapa na popote pengine sitalisema: nimeshapima mara tatu kwa siri. Kumi na tano na nusu. Kumi na tano. Kumi na sita, siku ambayo upepo ulikuwa nyuma yangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Kituoni saa mbili asubuhi. Pampu ilipokata nikaitikisa pikapu kwa mabega yote mawili ili mapovu yashuke, nikaongeza. Nikatikisa tena. Lumir ameegemea gari lake kuukuu, mikono mifukoni, akasema nitikise nitakavyo, Jumapili tutatikisa vilevile. Halafu akachungulia nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, ambako hamna hata unyoya. Akauliza nimebeba nini. Hewa?

Siwezi kumweleza mtu kama Lumir. Miaka thelathini na moja nimesambaza barua za wilaya hii kwenye vigari vidogo, magoti kidevuni, na kila mkulima aliyenipita alinipungia mkono kutoka juu. Kutoka juu! Sina ng'ombe, sina nyasi za kubeba. Nilitaka tu na mimi nipunge kutoka juu.

Leo nimeendesha kama nina mayai chini ya mguu. Kwenye taa ya mjini (tunayo moja) nilichelewa kuondoka mpaka padri akanipigia honi. Skrini ndogo iliyo mbele ya usukani, inayohesabu wastani wa maili kwa galoni, inasema 15.8.

Jumanne, 11 Novemba

Uzito! Adui ni uzito. Asubuhi, Marvella alipokuwa kazini, nilitoa tairi la akiba, jeki, kiti cha nyuma, mazulia na ule mlango wa nyuma wa mizigo. Nikajaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama meza. Chakula cha mchana sikula, maana mimi pia ni uzito.

Nilimpitia Marvella shuleni, tukaenda kununua vitu vya wiki. Alitazama pale kilipokuwa kiti cha nyuma, akafunga mkanda. Tulipovuka reli, matairi yale yakaturusha. Gunia la viazi likachupa, likakuta hakuna mlango, likaenda zake. Sikusimama. Kusimama na kuondoka upya kunakula mafuta. Marvella akageuza shingo kutazama viazi vyetu vinavyobingirika barabara kuu, kisha akanigeukia mimi. Nikamwambia viazi vina wanga mwingi mno.

Jioni hodi. Lumir, na viazi kumi na tisa ndani ya kofia yake. Alikuwa nyuma yetu muda wote.

16.1.

Jumatano, 12 Novemba

Baridi kali. Nikazima hita ili kuokoa mafuta. Tulifika nusu ya njia Marvella akasema joto la hita linatokana na injini, iwashwe isiwashwe mafuta ni yaleyale. Nikamuuliza amelijuaje. Amesoma kitabu cha gari. Chote. Mimi sijakifungua.

Nilipomshusha nikatoka hadi barabara kuu kujaribu jambo nililosikia kinyozini: ukijibana nyuma ya lori, lenyewe linapasua upepo, wewe unateleza bure. Nikapata lori. La nguruwe. Nikajibana. Kweli tarakimu za papo kwa papo zikaanza kupanda, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini na moja! Nikapiga kelele peke yangu kwa furaha. Ndipo nguruwe wakajisaidia, wote, kama walioambiana. Kioo kikawa cha kahawia. Nikawasha vifuta kioo, vikapaka vizuri kote. Niliogopa kufunga breki na niliogopa kutofunga. Nilipopata kuona tena, njia ya kwenda nyumbani nilikuwa nimeipita kwa maili tisa.

Nimeosha gari mara mbili. Jirani ameuliza kama nimeanza kufuga.

16.4.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikulala vizuri. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha: kwa njia za haki siifikii ishirini. Hata nikisukuma.

Kwa hiyo nimekwenda mji wa jirani, nisikojulikana, kununua madumu mawili ya galoni tano tano na kuyajaza. Mwanamke wa kaunta akaniambia, "Eldon Kucera! Ulikuwa unatuletea barua!" Akauliza petroli yote hiyo ya nini. Nikasema ya mashine ya kukata majani. Tukatazama nje pamoja. Majani yalikuwa yameganda.

Nimeyaficha kwenye karakana ya nyumbani, nyuma ya masanduku ya mapambo ya Krismasi. Si kwamba nitayatumia. Ni ya dharura tu. Kuwa nayo kunatuliza roho.

Haijatulia. Mezani Marvella alinusa hewani. Nikasema ni dawa ya kuchua, magoti yananisumbua. Akainuka, akaniletea mfuko wa maji ya moto, akaniwekea magotini mwenyewe. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 14 Novemba

Redio inasema dhoruba ya theluji kesho mchana. Mimi nafurahi: barabara zikifungwa hatuendi kokote, na gari lisilokwenda halili.

Saa kumi simu. Lumir. Sauti tofauti, hana mzaha. Gia za gari lake zimekufa. Ana ndama kumi na wawili, wameachishwa maziwa juzi tu, wako kwenye malisho ya kukodi maili kumi na tano kutoka nyumbani kwake. Hakuna banda, hakuna hata mti. Majirani wote wanahangaika na mifugo yao. Akauliza kama naweza kulivuta trela lake kesho asubuhi. Safari mbili.

Trela! La ng'ombe! Dhidi ya upepo! Maili sitini jumla. Niliona tarakimu zikianguka kama viazi.

Nikasema ningependa sana, shemeji, sana, lakini sina kile kichwa cha chuma cha kufungia trela. Akasema sawa, ataangalia pengine.

Nilipogeuka, Marvella alikuwa amesimama mlangoni. Ameshika kichwa cha chuma cha kufungia trela, bado kipo ndani ya boksi lake. Akakiweka mezani taratibu, akasema ataandaa chai ya kwenye chupa, tunaondoka saa kumi na mbili.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika vidole vikiwa havijapata damu vizuri.

Safari ya kwanza niliendesha macho yote kwenye tarakimu. Kumi na moja. Tisa. Nane na nusu! Ndama sita nyuma, upepo usoni, na mimi nakwenda mwendo wa mazishi ili kuokoa vitone. Lumir, tuliyebanana naye mbele, mimi na Marvella, kwa sababu kiti cha nyuma kiko karakana, akaniambia kwa utaratibu kwamba tukienda hivi dhoruba itatukuta tukiwa na sita wengine bado malishoni. Nikaongeza mwendo. Iliniuma kama kung'olewa jino.

Safari ya pili dhoruba ikatukuta. Theluji ilikuja ubavuni, nyeupe tupu, sikuona pua ya gari. Ndama mmoja dume akakataa kupanda. Marvella akaruka chini, akamkumbatia shingoni, akamnong'oneza sijui nini, mnyama akapanda kama anaingia kanisani. Darajani trela likaanza kucheza. Nilisikia nyuma inavutwa kushoto, kuelekea mtoni. Lumir akasema polepole, "Usifunge breki, kaka. Usifunge." Sikufunga. Niliachia mguu, nikashika usukani, nikahesabu moyoni. Trela likanyooka.

Hajawahi kuniita kaka.

Saa saba mchana wote kumi na wawili walikuwa bandani kwake, wanatoa mvuke, wanapigania nyasi. Lumir alinipa mkono. Akaushika wangu muda mrefu kuliko kawaida. Marvella aliipigapiga pikapu ubavuni kwa kiganja, kama mtu anavyomshukuru farasi.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kutazama. Wiki nzima: maili 240. Wastani: 13.

Kumi na tatu.

Jumapili, 16 Novemba

Kulipopambazuka nilikuwa karakana. Nilijiambia sitayatumia yale madumu. Halafu nikajiambia jana si kuendesha kwa kawaida, kwa hiyo ni haki tu kurekebisha kidogo. Bahasha ilisema galoni sita na robo zinatosha kunifikisha ishirini. Dumu la kwanza likaisha. La pili nikamimina kwa kukadiria, robo ya dumu, si zaidi. Hapo nikasikia mlango wa jikoni. Marvella ananiita nikanywe kahawa. Nikashtuka. Nikainamisha dumu ili liishe upesi nilifiche. Likaisha lote.

Baada ya misa, kituoni. Lumir alikuja amenyoa. Kabla ya chochote akasema ndama wote wazima. Akatia bomba, pampu ikanguruma, ikakata. Mapema mno. Nilijua ni mapema mno. Lumir akatikisa gari, akajaribu kuongeza. Halikupokea. Galoni nane na robo.

Akagawanya kwa vidole. Akarudia. Akainama, akachungulia chini ya gari. "Shemeji," akasema, "inakuja ishirini na tisa."

Hata ile karatasi ya dirishani haikuthubutu kufika huko.

Lumir akauliza, taratibu kabisa, kama jana wakati inavuta ndama wangu kwenye dhoruba ilikuwa inatengeneza petroli. Nikasema nadhani upepo ulikuwa nyuma yetu.

Marvella akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema jana jioni alimwambia kaka yake kwamba pikapu inabaki, namba yoyote itakayotoka. Lumir akaitikia kwa kichwa, anatazama viatu vyake. Ndiyo maana alinyoa. Alikuja kunipongeza.

"Kumi ningeipokea, Eldon," Marvella akasema. "Hata nane. Hii ishirini na tisa siiwezi."

Akaingia ndani ya gari, akafunga mkanda, akasubiri.

Alhamisi, 20 Novemba

Pikapu ilirudi kwa muuzaji Jumanne. Tumepewa kigari cha rangi ya fedha, safi, kidogo. Magoti yangu yamerudi kidevuni. Marvella anakiendesha mwenyewe, na leo asubuhi nimemsikia anaimba. Tumeanza kuzungumza tena, mambo ya chumvi na hali ya hewa, lakini tunazungumza.

Nilikwenda kwa Lumir kuwatazama ndama. Wananenepa. Yule dume mbishi akanilamba mkono wa koti. Na hapo ndipo Lumir akanishangaza. Amepata gari jingine, na lile lake kuukuu, limeshatengenezwa gia, anataka kunipa. Bure. Kwa ajili ya Jumamosi. Nikamuuliza tu, kwa kunong'ona, linakunywaje. Akasema ukilibembeleza, kumi na moja.

Tukaenda wote wawili kumwomba Marvella ruhusa. Alikuwa anakata kabichi. Alifuta mikono, halafu akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Akasema sawa. Ana swali moja tu, na jibu lolote la kweli litamtosha: linakwenda maili ngapi kwa galoni?

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na kumi na moja tayari kwenye ulimi, naapa.

"Kumi na tisa," nikasema.

Lumir akakohoa, akatoka nje kwenda kutazama theluji. Marvella akarudi kwenye kabichi yake.

Si jambo kubwa. Nimeshaanza kuulizia, kwa udadisi tu, kama zile tarakimu zinazohesabu maili zilizotembewa kwenye magari ya zamani zinaweza kusogezwa mbele kidogo kwa bisibisi.