Mchunga wa Wadini

Alhamisi, 2 Mfungo Pili (1 Februari 1968), Matrah

Mvua imeotesha wadi nzima, hili bonde kavu la mto. Baada ya Alasiri nimemwona yule Mjapani, fundi wa mitambo aliyepanga chumba kwa jirani yangu Majid, amechutama akichuma majani. Huchuma ncha laini tu, mengine huyaacha. Mtu mwenye nia safi haachi riziki ardhini. Bila shaka anayoyaacha ni alama kwa wenzake.

Alipoondoka nimekata jani, nimelionja. Mchunga, ile mboga chungu ya kwetu! Tangu tutoke Unguja sijauona.

Bi Masouda, mjane wa mtaa wa nyuma, husema anautamani mchunga kuliko nyama. Nami nna nia ya kumposa. Majid naye anayo, ingawa anadai kwamba nyumbani kwa Bi Masouda humtembelea kaka wa bibi huyo tu.

Ijumaa

Baada ya sala nimemuuliza Majid, kwa hekima, mgeni wake huyafanyia nini yale majani. Akanijibu pale pale. Kwao ni kitoweo cha heshima. Huyanyunyizia jivu la kuni, huyamwagia maji ya moto, huyalaza hadi asubuhi na kuyaosha, uchungu ukatoka. Akanishauri nami nijaribu.

Tangu tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani Majid hajanipa kitu kwa wepesi namna hii. Basi jivu ni hila. Anataka nimlishe Bi Masouda takataka za jikoni, posa yangu ife.

Jumamosi

Baada ya Alfajiri nimetangulia wadini. Nimeung'oa mchunga wote, na mizizi yake, asiupate Mjapani wala mwenyeji wake. Mjapani akanikuta. Akatazama gunia, akatazama ardhi, akaniinamia. Nikamwitikia kwa tahadhari. Kuinama kote kule kuna jambo.

Dada yangu Rahila, anayenipikia, ameonja akasema mchunga huu ni mchungu kuliko wa kwetu, tuutie jivu. Nikamuuliza amefunzwa na nani.

"Kaka, ulimi wangu haujala njama na mtu."

Nimekataa. Umepikwa kwa nazi, bila jivu. Sahani imefunikwa kawa, imekwenda kwa Bi Masouda pamoja na salamu zangu.

Jumapili

Sahani haijarudi. Rahila alikula tonge moja jana, na hajasema nami hadi sasa. Sijui ni hasira au ni ulimi. Majid amepita barazani akaniuliza, kwa upole mno, kama wapokeaji wa zawadi zangu wangali wazima. Amejuaje?

Jumatatu

Sahani imerudi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, nami nilitazamia halua. Nimefunua kawa. Jivu. Jeupe, limechekechwa vizuri.

Rahila anasema Bi Masouda ameileta mwenyewe hadi mlangoni, huku akicheka, na ameacha maneno: "Mwambie Sheikh Aflah amesahau hili. Akiupika ukalika, aje azungumze na kaka yangu."

Nimelitafakari jambo hili baina ya Magharibi na Isha. Mwanamke wa ukoo ule hatumi jivu. Alituma halua, njiani Majid ameibadilisha. Rahila ameapa kwamba ameipokea mkononi mwa Bi Masouda. Sasa namshuku Rahila.

Jivu nimelimwaga baharini, baada ya kulisomea.

Nasikia nyuma ya mlima iko wadi nyengine yenye mchunga. Kesho nitamtangulia Mjapani. Nitang'oa wote, na mizizi yake, na safari hii nitapika mwenyewe.