Meno ya Shemeji na Jina la Dada Yangu

Lund Prairie, Minnesota
14 Novemba

Kwa Bwana Preston Keeley,
Mtayarishaji wa kipindi cha redio "Wauaji Wanaopendeza"

Bwana Keeley,

Salamu nyingi. Mimi ni Arlys Tveit, dada wa marehemu Lorna, ambaye kipindini mwenu anaitwa "mke". Nimesikiliza habari zote za shemeji yangu Curtis, aliyemtilia mkewe sumu kwenye kahawa. Hongereni kwa kazi. Nina malalamiko machache.

1. Mmeyaeleza meno ya Curtis anapotabasamu zaidi kuliko maisha ya Lorna.

2. Mtaalamu wenu wa akili amesema watu wasio na huruma huwanasa hasa watu werevu. Mji mzima umefurahi. Sasa kila mtu anadai alidanganywa kuliko mwenzake.

3. Mlimhoji jirani yangu Bernice, naye akasema, "Jamani, Curtis? Baada ya mazishi aliziosha bakuli zote za chakula tulizopeleka kanisani, akamrudishia kila mtu yake mlangoni! Muuaji gani huyo anaosha vyombo?" Ni kweli. Sisi hubandika majina chini ya bakuli. Curtis anajua kusoma.

4. Alikamatwa akiwa mgombea, uchaguzi wa baraza la mji ukiwa umekaribia, jina lake likabaki kwenye karatasi za kura, na akashinda. Mpinzani wake, mzee Orville, hajaua mtu, ila hacheki. "Orville ana uso kama mlango wa ghala," watu walisema. Basi tukachagua meno.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, Lorna naye afanywe wa kupendeza. Akimenya viazi aliimba chinichini wimbo uleule, wala hakuumaliza. Alikuwa akimkatia mbwa ganda la mkate. Kama hayo hayatoshi, semeni naye aliua mtu. Nitatia sahihi.

Nisalimieni wote hapo studioni, na mtaalamu pia.

Wenu katika msiba,
Arlys Tveit

N.B. Jana Curtis alinipigia simu kutoka gerezani. "Shemeji," akasema, "lile goti lako linaendeleaje?" Tangu tumzike Lorna hakuna mwingine aliyeliulizia. Nikamwambia afadhali kidogo, nikamshukuru, tukacheka mpaka muda wake ukaisha. Katika maongezi yote hayo sikumtaja Lorna. Tafadhali, ninyi mkumbukeni.